Mguu wa kushoto unavimba, fangasi hawaishi: tuanzie wapi?

Tabibu_Wodi3

Habari za kazi wakuu. Naomba mawazo yenu kuhusu mgonjwa mwenye matatizo mawili yanayochocheana.

Ni mwanamke wa miaka 36. Mguu wa kushoto ulianza kuvimba baada ya kujifungua na mpaka leo haujarudi katika hali yake. Asubuhi unakuwa na nafuu, jioni kiatu hakiingii. Akipanda ngazi paja linajaa na kuuma kana kwamba litapasuka; akikaa akauinua mguu, maumivu yanatulia taratibu. Mguu wa kulia ni mzima kabisa. Amepata selulitisi (maambukizi ya bakteria ndani ya ngozi) mara mbili, zote mguu huohuo. Kati ya kidole cha nne na cha tano ngozi ni nyeupe, imelowana na ina ufa. Unyayo wote una magamba makavu. Amekuwa akipaka krimu ya mchanganyiko wa steroidi na dawa ya fangasi: akipaka, kuwasha kunaisha, akiacha, kunarudi kwa nguvu zaidi.

Ultrasaundi ya Dopla, inayoonyesha damu inavyotiririka, kutoka kinenani hadi kifundo cha mguu haikuonyesha bonge la damu, vena zote (mishipa inayorudisha damu moyoni) zinabonyea vizuri. Moyo na figo viko sawa, mkojo hauna protini.

Je, inawezekana vena inabanwa huko juu? Tuthibitishe vipi? Na fangasi tuwatibu kwa nini, ukizingatia kwamba huenda akaja kuhitaji warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda? Halafu soksi za kubana: zinafaa kwa mguu wenye fangasi, au tunawafungia fangasi ndani ya unyevu?

Mishipa_na_Vena

Tabibu, Dopla iliyoishia kinenani haijalijibu swali lako. Vena za paja na kigimbi zinaweza kuwa safi kabisa huku kizuizi kikiwa ndani ya fupanyonga, mahali ambapo utumbo na hewa yake huziba mawimbi ya ultrasaundi.

Unachokielezea kinafanana sana na ugonjwa wa May na Thurner. Ateri ya iliaka ya kulia, inayopeleka damu mguuni, hupita mbele ya vena ya iliaka ya kushoto, inayoirudisha, na kuigandamiza kwenye pingili ya tano ya kiuno. Daktari Mjerumani Virchow aliona tangu 1851 kwamba mabonge ya damu hupenda zaidi mguu wa kushoto. Mwaka 1957 May na Thurner wakaeleza kwa nini: walichunguza maiti 430 na kukuta asilimia 22 wana vikwazo vya nyuzinyuzi ndani ya vena hiyo. Kwa hiyo shida haiishii kwenye kubanwa. Mpigo wa ateri unaogonga vena mchana na usiku huujeruhi ukuta wake, ukuta unaota kovu, na kovu hilo halifunguki hata mgonjwa akibadili mkao.

Kabla hujaomba kipimo kipya, rudi kwenye picha za Dopla mlizonazo. Tafuta wimbi la mtiririko kwenye vena kuu ya paja, kulia na kushoto, uzilinganishe. Upande mzima wimbi hupanda na kushuka kwa kufuata pumzi, na mgonjwa akijikaza kama anayesukuma choo mtiririko husimama. Upande wenye kizuizi juu, wimbi huwa bapa, linatiririka mfululizo bila kujali pumzi. Kama picha hizo hazikuhifadhiwa, omba zirudiwe hapo kinenani tu, pande zote mbili. Ni kazi ya dakika chache na ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote kwa mgonjwa huyu.

Pima pia miguu kwa utepe, sentimita 10 chini ya kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti. Tofauti inayozidi sentimita 3 ina uzito. Usitegemee D-dimeri, kipimo cha damu cha kutafuta dalili za bonge, wakati ana selulitisi. Maambukizi yenyewe huipandisha.

Hatua inayofuata ni CT au MRI ya vena za tumbo na fupanyonga. Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza: watu wengi wasio na dalili yoyote wana vena iliyobanwa hapo, kwa hiyo picha ya vena nyembamba peke yake si ugonjwa. Wa pili: mgonjwa aliyefunga kula na kunywa tangu jana yake, halafu akalazwa chali, vena zake hunywea na kuonekana zimebanwa kuliko zilivyo. Mruhusu anywe maji. Kinachoshawishi zaidi ni vena za pembeni zilizopanuka, hasa zinazovuka mbele ya sakramu, mfupa wa nyuma ya fupanyonga, kwenda upande wa kulia. Mwili hauchimbi njia mpya kama barabara kuu haijaziba.

Jambo ambalo watu hulisahau: si kila kinachobana ni ateri. Uvimbe wa kizazi, uvimbe wa ovari, tezi zilizovimba na saratani za fupanyonga hubana vilevile. Mpapase tumbo na kinena, mfanyie ultrasaundi ya fupanyonga, na pima ujauzito kabla ya CT.

Na acheni furosemaidi, dawa ya kukojoza, kama ameanzishiwa. Uvimbe wa kizuizi cha vena si maji yaliyozidi mwilini. Utamkausha mgonjwa, damu iwe nzito, na mguu ubaki vilevile.

Ngozi_Hai

Naongezea upande wa ngozi, kwa sababu huo ufa kati ya vidole si jambo dogo. Bakteria wa selulitisi wanahitaji mlango, na mguu uliojaa maji hauna uwezo wa kuwafukuza wakishaingia. Mkimwekea hata stenti (kibomba cha wavu cha kuifungua vena) nzuri kiasi gani bila kuufunga ufa huo, atarudi wodini.

Kwanza, isimamisheni hiyo krimu ya mchanganyiko. Steroidi huzima wekundu na muwasho, fangasi wanaendelea kutambaa chini kwa chini, na umbo la ugonjwa linapotea mpaka hata daktari wa ngozi akiangalia anashindwa kuutambua. Mwambieni mgonjwa mapema kwamba akiacha, siku za mwanzo muwasho utaongezeka, la sivyo atairudia kwa siri.

Pili, thibitisheni kwa hadubini, ni rahisi mno, hakuna sababu ya kutoifanya. Pangusa ngozi kwa alkoholi ya asilimia 70, iache ikauke. Kwangua kwa wembe wa upasuaji uliolazwa, si kwa ncha, kwenye ukingo wa magamba wala si katikati, kwa sababu fangasi hai wako ukingoni. Pokea magamba kwenye karatasi nyeusi uyaone. Yaweke kwenye slaidi, dondoshea haidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10 hadi 20, funika kwa kioo, subiri dakika 5 hadi 15. Ukipasha moto, pasha kidogo tu; ikichemka inatoa fuwele zinazovuruga picha. Kisha shusha kondensa, lenzi ya chini inayokusanya mwanga, na upunguze mwanga. Kosa linalowapotosha wengi ni mwanga mkali unaofuta kila kitu. Tafuta nyuzi ndefu zenye unene ule ule, zenye vikuta vya kuzigawa ndani na matawi, zinazokatiza mipaka ya seli. Mistari inayofuata mipaka ya seli kama wavu si fangasi, na uzi wa pamba hauna vikuta.

Jibu hasi kwa mtu aliyekuwa anapaka dawa lina thamani ndogo. Kama mashaka yapo, aache dawa ya fangasi wiki 1 hadi 2, mkwangue tena na muoteshe. Matokeo ya kuotesha huchukua wiki 2 hadi 4.

Angalieni pia kama ni fangasi peke yao. Sehemu ya katikati ya vidole iking'aa rangi ya matumbawe mekundu chini ya taa ya Wood (taa ya mwanga wa urujuanimno), hiyo ni erithrasma, ni bakteria. Ikiwa na harufu kali na ukijani, bakteria wa maji kama psedomonasi wameshaingia, na krimu ya fangasi peke yake haitatosha. Weusi au ukahawia ulioenea juu ya kifundo upande wa ndani ni madini ya chuma yaliyobaki baada ya damu kuvuja chini ya ngozi. Hauna fangasi, usiupakie dawa ya fangasi miezi sita ukisubiri utoke.

Matibabu. Katikati ya vidole: terbinafini ya asilimia 1 kwa wiki 1, au klotrimazoli ya asilimia 1 mara mbili kwa siku kwa wiki 4. Unyayo mkavu wenye magamba ni mgumu zaidi, ngozi ni nene na krimu haipenyi. Huko kwa kawaida tunatoa terbinafini ya vidonge, miligramu 250 kwa siku kwa wiki 2 au zaidi. Chunguzeni na kucha: kucha za miguu zikiwa zimeshikwa, kozi ni wiki 12, na usipozitibu zitaupanda unyayo upya.

Halafu kuna suala la kiasi ambalo huharibu tiba nyingi kuliko usugu wa dawa. Krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo cha kwanza ni takriban nusu gramu. Mguu mmoja kuanzia kifundo kwenda chini, unyayo na juu yake, unataka vipimo viwili vya namna hiyo, yaani gramu 1. Miguu miwili mara mbili kwa siku ni gramu 4. Tyubu ya gramu 20 inaisha siku ya tano! Ukiandika tyubu moja kwa wiki 4, ama atapaka kidogo mno au ataacha mapema, na wote mtasema dawa haifanyi kazi.

Mfamasia_Zamu

Ngozi_Hai umesema vema kuhusu terbinafini. Mimi nashikilia hapo kwenye warfarini, kwa sababu ndipo magonjwa haya mawili yanapogongana, na mgonjwa anaweza kutokwa damu kwa ajili ya fangasi wa vidole.

Flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza, huzuia kimeng'enya cha ini kinachoiondoa warfarini. INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, hupanda ndani ya siku chache, na hata dozi moja ya miligramu 150 imeshawapandishia watu. Mikonazoli, dawa nyingine ya fangasi, ni hivyohivyo: jeli ya mdomoni ni hatari inayojulikana, na ya ukeni pia imeleta shida. Anayetumia warfarini mpatie klotrimazoli au terbinafini ya kupaka.

Msidhani rivaroksabani na apiksabani, dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, zinawaokoa. Dawa za fangasi itrakonazoli na ketokonazoli za vidonge huzipandisha zote mbili, na hazipaswi kutumika pamoja. Griseofulvini, nayo ya fangasi, inafanya kinyume, huishusha nguvu warfarini, na hapo bonge la damu linaweza kuota ukiwa umetulia ukidhani amelindwa. Terbinafini ya vidonge ndiyo yenye ugomvi mdogo zaidi, lakini INR ipimwe mnapoianza na mnapoiacha. Kabla ya kuianza pima vimeng'enya vya ini. Mwenye ugonjwa sugu wa ini asipewe.

Selulitisi nayo ina mitego yake. Kati ya antibiotiki, kotrimoksazoli na metronidazoli hupandisha INR sana. Flukloksasilini inaweza kuishusha. Yoyote mtakayochagua, rudieni INR ndani ya siku 3 hadi 5, msisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Tabibu, bado ananyonyesha? Jibu hilo linabadili mengi.

Tabibu_Wodi3

Asanteni sana wakuu. Ndiyo, ananyonyesha, mtoto ana miezi 9. Nimezirudia picha za Dopla: vena ya paja kushoto wimbi ni bapa, kulia linapanda na kushuka na pumzi. Tofauti ya vigimbi ni sentimita 4. Magamba yaliyokwanguliwa unyayoni yana nyuzi za fangasi, kucha za dole gumba pande zote mbili ni nene na za njano.

Mfamasia_Zamu

Basi terbinafini ya vidonge isubiri, maana huingia kwenye maziwa, na fangasi wa kucha hawana dharura ya kumwachisha mtoto ziwa. Krimu ya terbinafini au klotrimazoli kwenye miguu inaruhusiwa. Asipake karibu na chuchu na anawe mikono akimaliza. Unyayo ulainishwe kwa krimu ya urea saa tofauti na dawa, ili magamba yapungue na dawa ipenye. Urea isiguse ufa wa katikati ya vidole, itamchoma.

Akipatikana na bonge au akiwekewa stenti, heparini (dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda) na warfarini zote zinakubalika kwa anayenyonyesha. Rivaroksabani na apiksabani tunaziepuka kwa sasa. Ndiyo maana uchaguzi wa dawa ya fangasi una uzito kwake: huyu akianza dawa ya damu, itakuwa warfarini.

Mwulizeni pia njia ya uzazi wa mpango. Vidonge vyenye estrojeni havimfai kabisa. Kitanzi au njia za projestini pekee zijadiliwe naye.

Muuguzi_Vidonda

Kuhusu soksi: zinafaa, ila kwa utaratibu.

Kabla ya soksi yoyote pimeni mishipa ya ateri. Chukua presha ya kifundo kwa Dopla ya mkononi, igawanye kwa presha ya mkono iliyo kubwa zaidi. Ikiwa chini ya 0.8, usimvalishe soksi kali bila mtaalamu wa mishipa. Chini ya 0.5, asivae kabisa. Ikizidi 1.3, hasa kwa mwenye kisukari, namba hiyo inadanganya, ateri zimekuwa ngumu hazibonyei.

Vipimo vya soksi vichukuliwe asubuhi kabla mguu haujajaa. Ukipima jioni utanunua soksi kubwa isiyobana kitu. Aanze na soksi yenye mbano wa milimita 20 hadi 30 za zebaki. Akiivumilia na uvimbe ukibaki, apande 30 hadi 40. Ya magotini inatosha wengi, na soksi inayovaliwa kila siku inashinda ndefu inayokaa kabatini. Kwa huyu chagueni iliyo wazi vidoleni.

Usiku: aoshe miguu, akaushe katikati ya kila kidole kwa kitambaa chake peke yake, apake dawa, alale bila soksi. Asubuhi: akaushe tena, apake poda ya fangasi, achomeke kipande chembamba cha gozi kwenye lile pengo la kidole cha nne na cha tano, ndipo avae soksi kabla hajashuka kitandani. Krimu za mafuta zisipakwe asubuhi chini ya soksi, hulegeza nyuzi zake. Juu ya soksi ya kubana avae soksi ya pamba ya kawaida. Soksi ya kubana haistahimili maji ya moto sana, lakini ya pamba inaweza kufuliwa kwa nyuzi 60, na hiyo ndiyo inayokaa kwenye kiatu chenye vimelea. Awe na jozi mbili za kubana, moja ikifuliwa nyingine imevaliwa, na zibadilishwe kila baada ya miezi 6 hivi.

Tena avae soksi kabla ya chupi. Chupi ikipita kwenye miguu yenye fangasi inawapandisha hadi kinenani.

Selulitisi ikiwaka, vua soksi mpaka maumivu yaruhusu. Na kwa kuwa ameshapata mara mbili mguu huohuo, jadilianeni na daktari kuhusu penisilini V miligramu 250 mara mbili kwa siku kama kinga, maadamu hana mzio. Kinga hiyo haichukui nafasi ya kuutibu ufa.

Mgeni_Kliniki

Samahani naingilia kidogo. Vena zinabanwa mguuni tu? Nina kijana mcheza mpira wa wavu, mkono wa kulia umevimba ghafla na kuwa wa bluu baada ya mazoezi makali.

Mishipa_na_Vena

Ndugu, huyo asisubiri majibu ya hapa, apelekwe leo. Vena iliyo chini ya mtulinga hubanwa kati ya mfupa huo na ubavu wa kwanza, na anayeinua mkono juu ya kichwa kwa nguvu mara nyingi huijeruhi mpaka damu igande. Kuyeyusha bonge kupitia katheta, mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa, hufanya kazi vizuri ndani ya siku 14 za mwanzo. Baadaye linakuwa gumu na nafasi inapotea. Wengi huhitaji kuondolewa ubavu wa kwanza, na kuweka stenti hapo bila kuutoa ubavu ni kosa, kwa sababu mifupa huikata stenti.

Ipo pia vena ya figo ya kushoto inayobanwa kati ya aota na ateri ya utumbo: maumivu ya ubavu wa kushoto, damu kwenye mkojo, na kwa wanaume vena zilizovimba kwenye korodani ya kushoto. Kwa kijana mwembamba ambaye hajamaliza kukua, mara nyingi kusubiri na kuongeza uzito hutosha.

Narudi kwa Tabibu. Wimbi bapa upande mmoja, sentimita 4 na maumivu ya paja ngazini vinatosha kwenda CT bila kusita. Dawa ya rangi inayodungwa wakati wa CT haimzuii kunyonyesha. Stenti ni ya mwenye dalili zinazomsumbua na ambaye kizuizi chake kimethibitishwa, ikiwezekana kwa ultrasaundi ya ndani ya mshipa, ambapo eneo la vena limepungua kwa nusu au zaidi. Stenti ziwe za vena, kwa kawaida kipenyo cha milimita 14 hadi 18. Ndogo kuliko vena inaweza kuchomoka ikasafiri hadi moyoni. Ikisukumwa mbali mno kwenye vena kuu inaziba mdomo wa upande wa kulia. Maumivu ya mgongo siku chache za mwanzo ni ya kawaida. Mguu kuvimba ghafla tena si kawaida, arudi siku hiyohiyo, kama vile atakavyorudi mbio akipata kifua kubana, kukosa pumzi, au mguu kuwa wa bluu na wenye maumivu makali.

Kwenye fomu usiandike tu "mguu umevimba". Andika: CT ya vena za tumbo na fupanyonga, awamu ya vena. Je, vena ya iliaka ya kushoto imebanwa na ateri ya iliaka ya kulia mbele ya pingili ya tano ya kiuno? Kipenyo chembamba kabisa ni kipi ukilinganisha na sehemu iliyo nzima ya vena hiyohiyo? Kuna bonge, vena za pembeni, uvimbe au tezi? Kisha mpigie simu mpiga picha umwambie mgonjwa anakunywa maji kabla ya kuja.